Mbwa analinda, paka anafukuza panya: lakini minyoo yao inaweza kuingia ndani ya watoto wetu

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ama Uvira, ni parseli nyingi zenye mbwa anayelala mbele ya kiingilio na paka anayezunguka karibu na gunia la mahindi. Watu wengi hawawafugi kwa kupenda tu. Mbwa anabweka usiku wezi wanapokaribia. Paka anakamata panya wanaotoboa magunia, wanaokula maharagwe na kukata nguo. Pale ambapo umeme unakatika kila mara na usiku unakuwa mrefu, familia nyingi haziwezi kukaa bila wao.

Lakini wanyama hawa wawili wana wageni wao ndani ya tumbo na juu ya ngozi: minyoo, viroboto na vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya wageni hao wanaweza kuhamia kwa mtu. Mara nyingi mtu hahisi kitu. Lakini mara nyingine mtoto anapoteza uwezo wa jicho moja, mimba inaharibika, ama mtu mwenye virusi vya UKIMWI anapata ugonjwa wa ubongo.

Hatuandiki haya ili mtu afukuze mbwa wake ama atupe paka wake mtoni. Mengi ya magonjwa haya yanaweza kuzuiwa kwa sabuni, jembe, moto wa kupikia na dawa ya minyoo. Kinachohitajika ni kujua njia ambazo vimelea vinapita.

Minyoo ya mbwa mdogo na jicho la mtoto

Tuanze na mnyoo unaopatikana kwa mbwa karibu kila fasi ya dunia. Wataalamu wanauita toksokara. Mbwa ana wa kwake, paka ana wa kwake, na yote miwili inafanana na ile minyoo mirefu ya mviringo ambayo wazazi wanaijua kwa watoto.

Mbwa jike anapokuwa na mimba, vibuu vya minyoo vilivyolala ndani ya mwili wake vinaamka na kuingia ndani ya watoto wake kabla hawajazaliwa. Wakisha kuzaliwa, wanapata vingine kupitia maziwa. Paka wadogo wanaipata kwa maziwa. Kwa hiyo yule mbwa mdogo mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba, ambaye watoto wanambeba kutwa nzima, mara nyingi ndiye mwenye minyoo mingi kuliko wote katika parseli. Mnyoo mmoja jike unaweza kutaga mayai maelfu kwa maelfu kila siku, na yote yanatoka na kinyesi.

Yai la toksokara likitoka na kinyesi cha leo, haliwezi kumwambukiza mtu leo. Linahitaji kukaa katika udongo kwa muda wa wiki mbili hadi nne, penye unyevu na joto, ili kibuu kikomae ndani yake. Likisha kukomaa, linaweza kubaki hai ndani ya udongo kwa miezi mingi, hata miaka. Wakati huo kinyesi chenyewe kilishayeyuka na mvua, hakionekani tena, na watoto wanacheza pale pale bila mtu kushuku.

Mtoto anachezea udongo, anaweka vidole mdomoni, ama anaokota kipande cha muhogo kilichoanguka na kukila. Yai linaingia tumboni, kibuu kinatoka, kinatoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Kwa mbwa, kibuu kingejua njia ya kurudi utumboni ili kiwe mnyoo mkubwa. Kwa mtu kinapotea njia. Kinatembea ndani ya ini, mapafu, misuli, na mara nyingine ndani ya ubongo ama jicho.

Mtoto anaweza kuwa na homa isiyoeleweka, kikohozi chenye kupiga filimbi kifuani kama pumu, maumivu ya tumbo na ini lililovimba. Watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Kibuu kikiingia jichoni, mara nyingi ni jicho moja tu, mtoto anaanza kuona vibaya, jicho linaweza kupinda, ama mboni inaonekana nyeupe katika mwanga. Mzazi akiona mboni nyeupe, asingoje na asiweke dawa ya majani. Inaweza kuwa mnyoo huu, inaweza pia kuwa kansa ya jicho inayoua watoto. Hali zote mbili zinahitaji muganga wa macho haraka.

Kuna jambo linalopotosha wazazi wengi: kipimo cha kinyesi cha mtoto hakiwezi kuonyesha toksokara. Kwa kuwa mnyoo haukomai ndani ya mtu, hautagi mayai, na kinyesi kinabaki safi. Labo inajibu kwamba hakuna minyoo, na familia inarudi nyumbani ikiwaza kwamba jambo limekwisha. Kinachoweza kumsaidia muganga ni kipimo cha damu: chembe nyeupe za aina inayoitwa eozinofili zinakuwa nyingi, na palipo na vifaa kuna kipimo cha kutafuta askari wa mwili dhidi ya toksokara. Ndiyo maana ni vizuri mzazi aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: nyumbani tuna mbwa wadogo, na mtoto huyu anakula udongo.

Tena, kidonge kimoja cha minyoo ambacho watoto wanapewa shuleni ama wakati wa kampeni ni kizuri na kisikataliwe, lakini kimepangwa kwa minyoo inayoishi katika utumbo. Kwa vibuu vinavyotembea ndani ya mwili, matibabu huchukua siku kadhaa na yanaamriwa na muganga, kwa kuwa jichoni dawa peke yake inaweza kuongeza uvimbe.

Mstari unaotembea chini ya ngozi

Mnyoo wa pili haungoji kumezwa. Ni safura ya mbwa na paka, mnyoo mdogo unaonyonya damu katika utumbo wao. Mayai yake yanaanguka na kinyesi penye udongo laini ama mchanga wenye unyevu, yanaangua, na vibuu vinangoja ngozi. Mtu akipita miguu uchi, ama mtoto akikaa chini bila kaptula, vinaingia.

Ndani ya ngozi ya mtu vinashindwa kwenda mbali. Vinazunguka chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu uliovimba, wenye kona kona kama njia ya mlimani, unaoongezeka milimita chache hadi sentimita moja ama mbili kwa siku. Unawasha sana, hasa usiku. Watu wengine wanadhani ni uchawi, ama sumu waliyotupiwa, kwa sababu unaonekana ukitembea. Ni kibuu cha mnyoo. Baada ya wiki ama miezi kinakufa chenyewe, na muganga ana dawa za kukiua mapema. Hatari kubwa ni kujikuna mpaka kidonda kioze, ama kuchoma ngozi kwa kisu cha moto ili kumfuata mdudu.

Fasi za kuangalia ni zile zenye kivuli na unyevu: chini ya paa la nyumba, ufukwe wa ziwa ambapo mbwa wanapita, na lundo la mchanga wa kujengea. Lundo hilo ndilo choo ambacho paka anakipenda kuliko vyote, na ndicho kiwanja ambacho watoto wanakipenda kuliko vyote. Kulifunika kwa hema ama shiti la plastiki jioni hakugharimu kitu.

Funza aliyekuja na meli

Wakaaji wa vijiji vyetu hawahitaji kufundishwa funza ni nini, yule wengine wanayemuita tekenya. Lakini wachache wanajua kwamba si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli kutoka Brazili ilifika Ambriz, katika inchi ya Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Funza walikuwa ndani ya mchanga huo. Kutoka pwani walifuata njia za misafara, wakavuka Kongo kwa miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla ya mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamefika Zanzibar.

Funza jike anaingia chini ya ngozi ya mguu, anavimba kama mbegu ya njegere na kuachilia mayai chini. Wengi wanajua kwamba anapenda miguu ya watoto na wazee wanaokaa katika nyumba za udongo. Kinachosahauliwa ni kwamba mbwa, nguruwe na panya nao wanabeba funza. Familia inaweza kutoa funza wa watoto kila jioni, na mbwa anayelala katika vumbi la mlango anarudisha mayai mengine usiku. Angalia chini ya miguu ya mbwa wako, katikati ya vidole. Ukikuta vivimbe vyenye nukta nyeusi, dawa ya mbwa ni sehemu ya matibabu ya watoto.

Pini moja inayopita kutoka mguu hadi mguu ni hatari nyingine. Inaweza kuleta pepopunda, na inaweza kupitisha virusi vya ini ama UKIMWI kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kila mtu awe na ya kwake, iliyochemshwa, na mguu uoshwe kwa sabuni mbele na baadaye.

Paka na mama mja mzito

Kimelea kinachotajwa sana juu ya paka ni toksoplasma. Kiligunduliwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo anayefanana na panya. Ilichukua karibu miaka 60 kabla ya wataalamu kufahamu kwamba ni ndani ya utumbo wa paka peke yake, na ndugu zake wa porini kama vile chui na simba, ambamo kimelea hiki kinakamilisha uzazi wake.

Paka anakipata kwa kula panya, ndege ama nyama mbichi. Baada ya hapo anatoa mayai yake katika kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu, yakiwa mamilioni, na kwa kawaida hatoi tena kwa wingi katika maisha yake. Mayai hayo nayo hayako tayari siku ile ile. Yanahitaji siku moja hadi tano. Yakiwa tayari, yanaweza kukaa ndani ya udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo kumpapasa paka, ama nywele zake kuanguka juu ya nguo, si njia kubwa ya ugonjwa huu. Watu wengi wanaupata kwa njia mbili nyingine: nyama isiyoiva vizuri, na udongo unaofika mdomoni pamoja na mboga, matunda, maji ama mikono michafu. Mama ambaye hajawahi kufuga paka anaweza kuupata kwa mishikaki yenye damu katikati iliyochomwa kando ya barabara, ama kwa saladi ya kabichi iliyoletwa sokoni na kumwagiwa maji mara moja tu.

Mtu mwenye afya akiambukizwa hahisi kitu, ama anapata homa kidogo na tezi za shingo kuvimba. Kisha kimelea kinalala ndani ya mwili maisha yote bila kusumbua. Shida iko kwa watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni mama anayeambukizwa kwa mara yake ya kwanza akiwa na mimba. Kimelea kinaweza kupita katika kondo na kumfikia mtoto. Mwanzoni mwa mimba hakipiti kwa urahisi, lakini kikipita kinaharibu sana: mimba inatoka, ama mtoto anazaliwa na kichwa kilichojaa maji, ubongo ulioumia ama macho yasiyoona vizuri. Mwishoni mwa mimba kinapita kwa urahisi zaidi, lakini mtoto mara nyingi anazaliwa akionekana mzima, na ugonjwa wa macho unaweza kutokea miaka baadaye. Mama aliyekwisha kuambukizwa zamani, kabla ya mimba, kwa kawaida ana kinga na mtoto wake analindwa.

Katika Ufaransa, wanawake wenye mimba ambao hawana kinga wanapimwa damu kila mwezi. Kwetu, katika vituo vingi kipimo hiki si sehemu ya vipimo vya kawaida vya mama wajawazito kama vile malaria, kaswende na UKIMWI. Mama anayeweza kulipa anaweza kuomba kipimo hicho mapema, hasa kama mimba zilishatoka bila sababu kujulikana. Kikionyesha maambukizo mapya, zipo dawa zinazopunguza hatari kwa mtoto, kwa mfano spiramisini, ambazo muganga anachagua kufuatana na umri wa mimba.

Wa pili ni mtu ambaye kinga yake imeshuka, hasa mwenye virusi vya UKIMWI asiyekunywa dawa. Kimelea kilicholala tangu miaka kinaamka na kushambulia ubongo. Kichwa kinauma bila kupoa, upande mmoja wa mwili unalegea, mtu anapata degedege ama anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Familia zingine zinampeleka kwanza katika chumba cha maombi. Siku hizo zinazopotea ndizo zinazoua, maana ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa. Kidonge cha kotrimoksazoli, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Bactrim na ambacho wagonjwa wenye kinga ya chini wanapewa pamoja na dawa za virusi, kinasaidia pia kuzuia toksoplasma isiamke. Mtu asikiache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Kuna neno linalozunguka mitaani kwamba paka anafunga kizazi cha wasichana. Si hivyo. Hatari ya toksoplasma ni kwa mimba iliyokwisha kuingia. Msichana anayelala na paka chumbani hapotezi uwezo wa kuzaa kwa sababu ya nywele zake.

Mbwa wa machinjio

Penye kuchinjwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, mbwa wanakaa wakingoja. Mchinjaji akifungua tumbo na kukuta ini ama pafu lenye mifuko ya maji, anajua kwamba hakuna atakayelinunua, analitupa, na mbwa wanalila. Hapo anakula vichwa vidogo vya tegu anayeitwa ekinokoko. Ndani ya mbwa tegu huyu ana urefu wa milimita chache tu, na mbwa haonyeshi ugonjwa wowote.

Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanabaki katika majani na juu ya manyoya ya mbwa, na tofauti na yale tuliyoyataja, yako tayari kuambukiza siku ile ile. Mbuzi anayala na majani. Mtu anayala kwa mikono aliyomshikia mbwa, ama kwa maji na mboga. Ndani ya mtu unaota mfuko wa maji, mara nyingi katika ini, mara nyingine katika pafu, unaokua polepole kwa miaka mingi kabla ya kuleta maumivu. Ukipasuka ndani ya tumbo unaweza kuua kwa muda mfupi. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya, ambao mbwa wanaishi karibu sana na familia zao, wamejulikana kwa muda mrefu kati ya watu walioumizwa sana na ugonjwa huu.

Kuukata ni kazi rahisi kwa maneno: ini ama pafu lenye mifuko lisipewe mbwa likiwa bichi. Lichomwe, lizikwe chini sana, ama lichemshwe mpaka liive kabisa. Mkuu wa machinjio, mchinjaji wa kijijini na baba anayechinja mbuzi wa sikukuu nyumbani, wote wanaweza kufanya hivyo kuanzia kesho.

Kuna tegu mwingine asiyekuwa na ubaya mwingi, anayepitia kirobota wa mbwa ama paka. Mtoto akimeza kirobota huyo wakati wa kucheza na mbwa, baada ya wiki chache mama anaona katika kinyesi cha mtoto vipande vyeupe kama punje za mchele, vingine vikitikisika. Dawa yake ipo na mtoto anapona. Lakini viroboto vikibaki juu ya mbwa, vipande vitarudi.

Mambo ya kufanya nyumbani

Silaha ya kwanza ni muda. Kwa kuwa mayai ya toksokara yanahitaji wiki, na ya toksoplasma yanahitaji siku moja ama zaidi, kinyesi kinachookotwa kila siku kinaondoka kabla hakijawa hatari. Mtu mzima, asiye na mimba, akiokote kwa koleo ama jani la ndizi, akitie chooni ama akizike mbali na bustani na chanzo cha maji, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Kisitumiwe kama mbolea ya lengalenga.

Pili, tusidanganywe na maji ya javel. Javel inafaa sana kwa vijidudu vya kipindupindu, na tuendelee kuitumia na kuweka klorini katika maji penye kipindupindu. Lakini mayai ya toksokara na ya toksoplasma yana ngozi ngumu isiyoogopa javel. Yanaogopa maji yanayochemka. Sanduku la paka ama sakafu ya sima imwagiwe maji ya moto. Na maji ya kunywa ya mama mja mzito yakichemshwa ni bora zaidi.

Tatu, jikoni. Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe jani kwa jani katika maji safi mengi, mara kadhaa. Sombe na lengalenga zilizopikwa hazina shida. Nyama iive mpaka ndani pasibaki rangi nyekundu, na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate nyanya kabla ya kuoshwa. Mbwa na paka nao wasipewe nyama mbichi.

Nne, udongo wa kula. Wanawake wengi wenye mimba wanatamani udongo, na sokoni unauzwa. Udongo uliokaushwa juani tu unaweza kubeba mayai ya minyoo. Tamaa hiyo mara nyingi inaenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo ni vizuri kumwambia muuguzi siku ya kupima mimba badala ya kuificha.

Tano, dawa ya wanyama wenyewe. Mbwa mdogo aanze kupewa dawa ya minyoo akiwa na wiki mbili, arudishiwe kila baada ya wiki mbili mpaka aache kunyonya, na mama yake apewe pamoja naye. Paka mdogo aanze akiwa na wiki tatu. Wakubwa wapewe kila baada ya miezi mitatu ikiwezekana. Dawa ya minyoo ya mviringo, kama pirantel, haiui tegu. Kwa tegu inahitajika prazikwantel. Muganga wa mifugo ndiye anapima uzito na kusema kiasi. Kwa familia moja safari yake inaweza kuwa ghali, lakini majirani kumi wa avenyi moja wakimuita siku moja, kila mmoja analipa kidogo.

Tuangalie pia dawa ya kunyunyizia ng'ombe. Nyingi zina permetrini ama kitu cha jamii hiyo. Mbwa anaweza kuivumilia, lakini paka akimwagiwa anatetemeka na anaweza kufa siku ile ile.

Na kama mbwa ameuma

Wazimu wa mbwa hauletwi na mnyoo, ni virusi, lakini hatuwezi kuzungumza juu ya mbwa bila kuutaja. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa karibu kila mara anakufa. Mtu akiumwa ama kukwaruzwa na mbwa ama paka, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa anajulikana. Kidonda kisipakwe majani wala nywele za mbwa aliyeuma. Na mbwa wapelekwe kuchanjwa kila kampeni inapotangazwa.

Kufukuza si dawa

Baada ya kusoma haya yote, mtu anaweza kusema: basi niwaondoe wote. Lakini mbwa anayefukuzwa haendi mbali. Anakuwa mbwa wa barabara, anakula takataka za soko na machinjio, anazaa bila dawa, na kinyesi chake kinarudi katika parseli yako na mvua, hasa katika miji ya milima kama Bukavu ambapo maji ya juu yanashuka kwa jirani wa chini. Paka akiondoka, panya wanabaki. Watu wa Ituri wanajua panya wanaweza kuleta nini, maana tauni bado inaonekana huko, nayo inapitia viroboto vya panya. Huko paka naye anaweza kurudi nyumbani na viroboto hivyo, kwa hiyo dawa ya viroboto isisahauliwe.

Mbwa anayejulikana, aliyepewa dawa, aliyechanjwa na mwenye kinyesi kinachookotwa kila asubuhi ni hatari ndogo kuliko mbwa watatu wasio na mwenyewe wanaopita usiku. Leo jioni, kabla ya giza, anza na lundo la mchanga: ondoa kilichomo, lifunike, na uwaite watoto waoshe mikono kwa sabuni kabla ya chakula. Kesho uliza majirani ni nani anajua muganga wa mifugo wa karibu.